Siku Niliyompeleka Baba Jukwaani

Televisheni ya kwanza niliyoiona maishani ilikuwa ya shule yetu ya wasichana, Homa Bay, nilipokuwa kidato cha tatu. Ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao kabisa aliiacha kama zawadi, na fundi akafunga waya juu ya mlingoti wa mkalitusi nyuma ya tangi la maji. Picha ilikuja na chenga nyeupe, kama kuna mtu anayepepeta unga mbele ya kioo. Jenereta ikikohoa, watu wa Nairobi walirefuka na kufupika. Hatukujali. Kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni tulikaa sakafuni katika ukumbi wa kulia chakula, wasichana zaidi ya mia, tukingoja nusu saa ya vichekesho.

Kipindi chenyewe kilimhusu tarishi wa ofisi. Bosi wake akitoka tu, tarishi alifunga tai ya bosi, akaketi kwenye kiti cha bosi, akapokea simu na kutoa amri kwa watu wasioweza kumwona. Kila wiki alifumaniwa. Kila wiki alipigwa faili la kichwa na kufukuzwa hadi mlangoni, na wiki iliyofuata alikuwepo tena. Hawakusema ametoka wapi, ila alisema "sida" badala ya "shida," na "kasi" badala ya "kazi," na sisi tulijua. Ametoka kwetu. Tulicheka mpaka tukalala chini. Wale ambao baba zao walisema "sida" walicheka kuliko wengine wote, nami nilikuwa mmoja wao.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa kijana kutoka Pwani, mwembamba, mwenye mashati mawili meupe yaliyopigwa pasi kila siku. Kiswahili kilimtoka bila kujikwaa, na sisi alituona kama watu wanaotafuna changarawe. Yeye ndiye aliyeamua kwamba kipindi kile kingekuwa somo. Jumatatu moja aliingia darasani na kuuliza:

"Jumamosi mlicheka. Mlicheka nini?"

"Tarishi, Mwalimu," tukajibu.

"Tarishi amefanya nini?"

"Amevaa tai ya bosi."

"Mimi pia nimevaa tai. Mbona hamcheki?"

Mwalimu akaandika ubaoni neno moja, dhamira, akalipigia mstari.

"Kila kichekesho kina mtu anayeumia," akasema. "Tafuteni huyo mtu. Mkimpata, mmepata dhamira."

Niliinua mkono. Nilisema kwamba tarishi hadanganyi watu ili apate kitu, kwa sababu hapati chochote. Anataka tu mtu mmoja upande wa pili wa simu amwamini, hata kwa dakika mbili. Nilisema kinachochekesha ni kwamba sisi tunajua mlango utafunguliwa na yeye hajui.

Mwalimu aliweka chaki mezani.

"Kiswahili hicho umekitoa wapi, binti?"

"Nyumbani, Mwalimu."

Darasa zima likacheka, kwa maana nyumbani kwa nani huku kwetu watu huongea Kiswahili?

Lakini ilikuwa kweli. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu mzazi alikuwa wa kwanza. Wa pili alikuwa Mkuria, aliyelelewa na shangazi yake Musoma, ng'ambo ya mpaka. Alipoletwa nyumbani kwetu karibu na mgodi wa Macalder hakujua Kijaluo hata neno, nasi hatukujua Kikuria, kwa hiyo nyumbani mwake tuliongea Kiswahili. Nilimwita Mama Mdogo. Alikuwa amenizidi miaka tisa tu. Nilikuwa nikimsaidia kusaga wimbi, naye alikuwa akinisahihisha: si suka, ni shuka, si sauri, ni shauri. Aliweza kusimulia jambo dogo, kama vile mwanamke aliyeuza yai lililooza, ukabaki umeshika mpini wa mwiko usiukumbuke. Mama hakumpenda. Alimwita nyieka, yaani mke mwenza, hata alipomtuma mtu kwake kuomba chumvi.

Baba alikuwa nyapara mgodini. Mgodi ulipofungwa, wenzake waligawanyika. Wengine walikwenda kutafuta kazi mbali, wengine wakabaki kuchimba vishimo vyao na kuchekecha dhahabu mtoni. Baba hakufanya lolote kati ya hayo. Alibaki na kofia yake ya mgodi, nyeusi, ngumu, yenye kishikizo cha taa mbele na kibonyeo juu ya sikio la kushoto, na nambari yake ya kazi kwa rangi nyekundu. Aliivaa shambani. Aliivaa sokoni. Kanisani aliivua mlangoni na kuipakata kama mtoto. Mama Mdogo aliipangusa kila asubuhi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo.

"Wasungu watarudi," Baba alisema. "Wameenda tu kutafuta masini kubwa."

Lori lolote likipita kutoka upande wa Migori, alitunyamazisha tusikie kama litapunguza mwendo.

Kila asubuhi alikwenda kwenye vishimo vya wale wachekechaji na kuwaita kwa foleni. Walimwitikia "Yes, bwana!" na kupiga saluti kwa sepetu. Siku moja walimwambia wameona mkanda wa dhahabu ndani ya shimo refu la zamani. Aliingia kupima kwa hatua. Wakaziba mlango kwa matawi ya miiba, wakaketi nje kumsikiliza akitoa amri gizani. Walimfungulia saa sita mchana. Alirudi nyumbani na magoti yamechubuka, akatuambia alikuwa akikagua.

Mwalimu alipotuagiza tuandike insha kuhusu mtu wa kwetu ambaye angefaa kuingia katika kipindi cha televisheni, sikufikiri hata dakika moja.

Niliandika kurasa sita. Niliandika lori, foleni, saluti, shimo. Niliandika "Wasungu watarudi" kama alivyosema. Nilikuwa na sikio zuri, nililirithi kwa Mama Mdogo, na kila mzaha niliuweka mahali ambapo yeye angeuweka. Mtu wangu nilimwita Nyapara tu. Mwalimu aliisoma insha mbele ya darasa kwa sauti, na alipofika kwenye shimo ilibidi asimame kwa sababu hata yeye alikuwa anafuta macho. Sijawahi kupendwa namna ile tena. Wasichana waliogeuka kunitazama walikuwa wale ambao hadi siku hiyo hawakuwahi kunipa nafasi bombani.

"Huyu mtu yupo kweli?" Mwalimu aliniuliza baadaye.

"Yupo. Ni jirani yetu."

Akasema tutaigeuza insha iwe mchezo wa siku ya wazazi, mwezi wa saba. Msichana mmoja kutoka Kosele, aliyeweza kuiga sauti ya mtu yeyote, angekuwa Nyapara. Mimi ningekuwa nyuma ya pazia kuwakumbusha waliosahau maneno. Kilichobaki ni kofia. Mwalimu alipendekeza sufuria. Nikasema sufuria haifai, mimi naweza kupata kofia yenyewe.

Niliichukua likizo ya Aprili, siku tatu kabla ya kurudi shule. Mama Mdogo alikuwa ameipangusa na kuiweka juu ya kizingiti kama kawaida. Niliifunga ndani ya leso nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu la bati, chini ya sare. Nilijiambia nitairudisha Agosti, na kwamba miezi mitatu si mingi.

Baba aliikosa asubuhi iliyofuata.

Mwanzoni aliuliza kwa upole. Aliangalia chini ya kitanda, ghalani, juu ya paa la jiko. Kufikia saa nne hakuwa mpole tena. Alituita wote uani, akasimama kichwa wazi, na nikaona kwamba nywele zake zilikuwa zimenyonyoka katikati. Sikuwa nimejua.

"Nani ameshika kofia yangu mara ya mwisho?"

"Mimi, Mzee," akasema Mama Mdogo. "Nimeipangusa nikaiweka pale ninapoiweka kila siku."

"Na ndugu yako alikuja hapa juma lililopita."

"Alikuja kumwona mtoto."

"Alikuja mikono mitupu. Alirudi na nini?"

"Mzee, ndugu yangu ataifanyia nini kofia?"

Swali hilo lilimwasha. Lilikuwa swali ambalo kila mtu pale Macalder alitaka kumwuliza kwa miaka miwili, kwamba kofia ile ni ya nini. Alivunja fito kwenye ua. Nilikuwa nimesimama karibu na mama yangu, na bintiye Mama Mdogo, mtoto wa miaka mitatu hivi, alikuwa ameshika sketi yangu. Sanduku langu lilikuwa hatua kumi kutoka hapo. Nilihesabu mapigo hadi nikapoteza hesabu. Mama Mdogo hakulia kwa sauti. Alisema tu, tena na tena, kwa kile Kiswahili chake safi, "Sijaichukua. Sijaichukua." Baba, ambaye alikuwa ameinama na kuhema, alimjibu, "Mwisi! Mwisi wewe!"

Nami nilikuwa nafikiria nini? Nimejiuliza miaka mingi, na jibu ni lile lile. Nilikuwa nafikiria kwamba nikisema, hakutakuwa na mchezo.

Jioni Baba alimwambia aondoke aende kwao, na asirudi bila kofia. Mtoto abaki, kwa sababu mtoto ni wa boma. Asubuhi Mama Mdogo alitoka na kifurushi kimoja. Jicho lake moja lilikuwa limefumba. Alisimama kwenye mlango wa nyumba ya Mama, ambako nilikuwa nikimlisha mtoto uji.

"Huyu mtoto," akaniambia, "hanywi uji wa moto. Upoze kwanza. Na usiku anaogopa, kwa hiyo lala naye."

"Mimi naenda shule kesho, Mama Mdogo."

Nadhani alikuwa amesahau. Akamtazama Mama yangu, na Mama akainuka akaanza kufagia, ingawa pale palikuwa pamefagiliwa. Basi akaondoka. Mtoto alimaliza uji kisha akauliza mama ameenda wapi.

Kesho yake nilipanda basi na sanduku langu. Lilipita Migori, Rongo, likapumzika Rodi Kopany ambako abiria walishuka kununua ndizi. Mimi sikushuka. Nilikaa nimelipakata sanduku, nikirudia moyoni maneno ya onyesho la pili.

Tulifanya mazoezi mwezi wa tano na wa sita. Jumamosi tuliendelea kumtazama tarishi, na yule msichana wa Kosele alijifunza kwake jinsi ya kutembea, kifua mbele, makalio nyuma, na jinsi ya kunyoosha shingo kabla ya kusema neno lenye "sh." Mwalimu alisema mchezo wetu ulikuwa bora kuliko kipindi chenyewe. Kofia ilifanya kazi yake. Msichana akiivaa tu, hata kabla hajafungua kinywa, watu walianza kucheka.

Sikufikiri kwamba Baba angekuja. Alikuwa hajawahi kuja. Lakini mwaka huo Mkuu wa shule aliandika barua kwa wazazi wa wanafunzi waliofanya vizuri, kwamba binti yao ametunga mchezo wa Kiswahili na wanakaribishwa kuuona. Mtu alimsomea Baba barua hiyo sokoni, mbele ya watu. Ilikuwa barua ya kwanza kumfikia tangu mgodi ulipofungwa. Akaazima koti.

Nilimwona kupitia tundu la pazia. Alikaa mstari wa tatu, Mama kando yake, kichwa wazi kimepakwa mafuta, mikono juu ya magoti. Alikuwa akimwambia mtu asiyemjua, "Binti yangu. Ndiye ameandika."

Pazia likafunguliwa. Msichana wa Kosele akaingia na mwendo ule, kofia imemfika kwenye nyusi, na ukumbi ukalipuka. Baba naye akacheka. Hilo ndilo jambo ambalo watu huniuliza mara mbili ninapolisimulia: ndiyo, alicheka. Alicheka foleni. Alicheka saluti. "Wasungu watarudi!" akasema Nyapara, na Baba akapiga goti lake kwa kiganja na kumgeukia Mama. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu.

Kisha msichana akainama kuingia shimoni, yaani chini ya meza iliyofunikwa blanketi, na kofia ikageuka upande. Kibonyeo kikaonekana. Nambari nyekundu ikaonekana.

Baba akasimama.

"Hiyo kofia yangu," akasema.

Watu wa mstari wa mbele waligeuka wakitabasamu. Walidhani ni sehemu ya mchezo, kwamba tumemweka mtu wetu katikati ya wazazi.

"Hiyo kofia yangu! Mwesi tatu natafuta! Nani ameleta hapa? Sitaki sida, mimi nataka kofia yangu!"

Ilikuwa sauti ya televisheni. Ilikuwa "sida" ile ile, imetoka kwenye kifua cha mtu mzima mwenye koti la kuazima, na ukumbi haukuweza kujizuia. Akina mama walijifuta machozi kwa leso. Mkuu wa shule alicheka. Wasichana wa nyuma walipiga makofi na kuitikia, "Sida! Sida!" Na msichana wa Kosele, ambaye hakuwa mbaya, aliyedhani Mwalimu amemwongezea kitu bila kumwambia, alitoka chini ya meza, akasimama wima, akampigia Baba saluti.

"Yes, bwana!"

Baba alipanda jukwaani. Alimvua kofia kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayemtoa mdudu kwenye nywele za mtoto. Akageuka kuniangalia nyuma ya pazia, kwa sababu kutoka pale juu aliweza kuniona.

Nilikuwa nacheka. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa hofu. Haikuwa hofu. Alikuwa anachekesha kweli, na mchezo wangu ulikuwa umefaulu kuliko nilivyowahi kuota, na kicheko kilinitoka kabla sijakumbuka yule ni nani.

Baba na Mama walinipeleka nyuma ya jiko la shule, kwenye kuni. Nilingoja kipigo. Baba aliketi juu ya gogo, akaiweka kofia kando yake.

"Wewe umeandika?"

"Ndiyo, Baba."

"Na wewe umechukua?"

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Mwalimu alikuja akipangusa jasho, akasema, "Mzee, tuwie radhi, hatukujua. Binti alisema ni jirani." Baba alisimama akamshika mkono kwa heshima.

"Mwalimu, mchezo msuri," akasema. "Msuri sana. Watu wamefurahi."

Mwalimu alipoondoka nikapata ujasiri.

"Baba, twende tukamchukue Mama Mdogo. Nitawaeleza kwao kwamba ni mimi."

"Uwaeleze nini?"

"Kwamba kofia ilikuwa shuleni."

"Kwamba ilikuwa shuleni ikichezewa mchezo." Alisema sentensi hiyo kwa Kijaluo, akiipima. "Nifike kwa shemeji zangu niseme nimempiga dada yao kwa sababu ya kitu ambacho watoto wanachekea. Unajua watacheka mpaka lini? Leo nimechekwa vya kutosha, nyathina, mtoto wangu."

"Lakini hakuiba."

"Basi hakuiba. Na amekwisha kwenda."

Alimtazama Mama, kisha mimi. Akasema kwamba yeyote atakayetaja jambo hili nyumbani si mtu wake tena. Akainuka kwenda kungoja basi. Aliibeba kofia chini ya kwapa, ndani ya koti.

Mama alibaki nyuma akikunja leso yake. Nikamwambia kwamba nilikosa, kwamba sikujua mambo yangefika kule.

"Nilikuona ukiifunga," akasema.

"Lini?"

"Siku ile uliyoichukua. Nilikuwa jikoni."

"Mama! Mbona hukusema, alipokuwa akipigwa?"

"Niseme ili iwe nini? Upigwe wewe, yeye abaki?" Aliweka leso begani. "Soma. Umesoma mpaka hapa, soma."

Juma lililofuata nilimweleza Mwalimu yote, uani, fito, mtoto, kuni. Nilihitaji mtu mzima aniambie kitu. Alinisikiliza vizuri, mikono nyuma, hadi nilipomaliza.

"Hiyo," akasema, "ndiyo hadithi uliyopaswa kuandika."

Sikumchukia mtu mwaka ule kama nilivyomchukia yeye kwa neno hilo, ingawa sasa mimi mwenyewe nimelifuata.

Jumamosi tuliketi tena mbele ya televisheni. Tarishi alikuwa kwenye simu, miguu juu ya meza ya bosi. Mtu wa upande wa pili alikuwa anamuuliza habari za nyumbani, na tarishi akasema, "Bibi yangu? Huyo nimemnyamasisa." Wenzangu wakacheka, kicheko kikapita, tukaendelea. Nilianza kuhesabu. Katika vipindi vyote nilivyokuwa nimetazama alikuwa amemtaja mke wake mara nyingi, kila mara ikiwa mzaha, na mke huyo hatujawahi kumwona hata kisogo. Kamera haikufika kwake. Jumatatu Mwalimu aliuliza tena ni nani anayeumia, na darasa likajibu kwa sauti moja kwamba ni tarishi. Sikuinua mkono.

Likizo ya Desemba niliwaambia nyumbani naenda kumtembelea mwenzangu wa shule. Nilipanda gari hadi upande wa Kuria, karibu na mpaka, na kutembea nikiuliza. Nilimkuta Mama Mdogo nyumbani kwa kaka yake, amekaa chini akifunga majani ya tumbaku kwenye ufito. Alikuwa amekonda. Jicho lilipona, ila kope yake ilibaki imeshuka kidogo. Alinipa kiti, naye akaendelea kufunga.

Nilimweleza nikiwa nimeketi kwenye kiti kile, yeye chini, kwa sababu alikataa niketi chini. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye mchezo alisimamisha mikono.

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Ulikiweka wapi kile cha shimo, mwanzo au mwisho?"

"Mwisho."

Alitikisa kichwa akikubali, kana kwamba hapo ndipo mahali pake. Kisha akaokota jani jingine.

"Na mama yako, alijua?"

Nilitaka kudanganya. "Alijua."

"Na Mzee sasa anajua."

"Anajua tangu mwezi wa saba."

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na mbili. Alipiga hesabu, nikamwona akiipiga. Miezi mitano aliyongoja kuona mtu akija kwenye ile njia.

"Mtoto anaongea sasa?"

"Anaongea sana."

"Kiswahili?"

"Kijaluo."

"Na mama yako, mtoto anamwita nani?"

Nilitazama tumbaku.

"Sema tu."

"Anamwita Mama."

Alifunga fundo, akaukata uzi kwa meno. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, na ingawa hatukuwa tukiongea Kikuria, nadhani alielewa ya kutosha. Alianza kusema kitu kwa hasira, Mama Mdogo akamnyamazisha kwa mkono.

"Sasa nenda, gari la mwisho litakuacha," akaniambia. "Na usije tena. Ukija utanihurumia, nami sitaki kuhurumiwa na wewe."

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Kaka yake alinisindikiza hadi barabarani akitembea hatua ishirini mbele yangu, bila kugeuka.

Mwaka uliofuata tulisikia ameolewa tena, Musoma, na mtu mwenye duka. Baba alisikia habari hiyo akila, akasema, "Sema kweli," akaendelea kula. Aliishi miaka mingine kumi na moja. Sikumsikia akilitaja jina lake, wala mimi sikulitaja.

Mtoto alikua mikononi mwa Mama, na Mama, lazima niseme, alimlea vizuri kuliko alivyotulea sisi. Nilipopata kazi ya ualimu nilimchukua akae nami asome. Nilimwambia yote alipotimiza miaka ishirini, mchana mmoja, tukiwa tunachambua maharagwe. Nilidhani atanipiga kwa ungo. Aliuliza tu kama mama yake yu hai, na nauli ya kufika Musoma ni kiasi gani.

Alikaa siku nne. Aliporudi alikuwa akifua, nami nikasogeza kigoda karibu na karai nikamwuliza ilikuwaje.

"Walinichinjia kuku," akasema. "Tunafanana hapa." Akagusa paji la uso kwa kidole chenye povu. "Ana watoto watano. Aliwaambia mimi ni mtoto wa rafiki yake wa zamani. Siku ya tatu akaniambia afadhali niende, mume wake asianze kuuliza maswali."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimshukuru kwa chakula. Kilikuwa kitamu."

Akakamua shati, akalikung'uta, akaenda kulianika.